Nani Tunamkaribisha Uani? Wanyamapori katika Bustani na Miji ya Pwani



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwapa wanyamapori nafasi katika bustani na miji yetu. Nafasi hiyo tumekwisha kuitoa zamani. Panya wamo mitaroni, kunguru wamo majalalani, mbu wamo kwenye matairi yaliyotupwa nyuma ya gereji. Wote hao tumewawekea chakula na malazi bila kukusudia. Kwa hiyo nyinyi mnaopima viwanja, mnaotunza bustani za hoteli na mnaosimamia mitaa, naomba tuulizane jambo moja: tunamwekea nani, na tunamvuta kwa kitu gani?

Nianze na kunguru, maana habari yake inatuhusu sote kuanzia Malindi hadi Dar es Salaam. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa huku. Asili yake ni India na nchi zilizo jirani nayo. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka alikula, akazaana, akavuka bahari, na katikati ya karne ya 20 alikuwa amekwisha kufika Mombasa. Tatizo ni kwamba haridhiki na taka. Mnana hujisumbua kusuka kiota na kukitundika kwenye ncha ya kuti la mnazi, pahali ambapo adui wengi hawafiki. Kunguru hukirarua kwa mdomo na kuchomoa makinda. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, naye amebanwa hadi leo wapo watoto wa mjini wasiomjua. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hao wa kigeni milioni 1. Sipingi hatua hiyo. Nasema tu kwamba sumu na mitego haitatosha ikiwa mabaki ya samaki yanaachwa wazi sokoni kila jioni. Wanaobaki watakula, watataga, na tutarudi tulikoanza. Kwa maoni yangu, pipa lenye kifuniko ni kazi ya uhifadhi kama ilivyo kazi ya kupanda mti.

Sasa nitoe mfano wa upande wa pili. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kuchimba mawe ya matumbawe katika miaka ya 1950. Kilichobaki nyuma ya mashine kilikuwa shimo la mwamba mtupu, jua kali juu na maji ya chumvichumvi chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kupaotesha miti. Alijaribu aina 26 za miti, na ni chache mno zilizostahimili, mvinje ukiwa mbele. Mizizi ya mvinje huishi pamoja na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mti huo unaweza kuanza maisha pasipo na udongo.

Likaja tatizo jipya. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalianguka yakalala tu bila kuoza. Aliyelitatua ni jongoo. Ukiinama chini ya mivinje ya Bamburi unaweza kumwona: mwili mweusi unaong'aa, miguu myekundu mingi inayopanda na kushuka kwa zamu, kichwa kimezama kwenye majani makavu. Majongoo waliletwa pale makusudi. Walikula yale majani, na kinyesi chao kikavunjwavunjwa na vijidudu kikawa udongo. Juu ya udongo huo miti mingine ikashika, wadudu wakafuata, ndege wakaja, na leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Mvinje wenyewe si mti wa asili ya Kenya, na hilo linanifanya niwe mwangalifu ninapowasikia wenzangu wakilaani kila mti wa kigeni. Mti wa kigeni unaweza kufungua mlango palipokufa kabisa. Lakini uwanja wenu wa Kigamboni au Nyali haujafa. Una udongo tayari, na hapo sioni sababu ya kuanza na kitu kingine kabla ya mimea ya kwetu.

Hebu tutazame yanayotendeka uani. Mtu anamaliza nyumba, anazungusha ukuta, anatandaza pevingi kutoka geti hadi jikoni, kisha anapanga miashoki mstari mmoja. Chozi akipita hapo anapita tu. Ndege huyu hunywa utamu wa maua, lakini makinda yake huyalisha wadudu na buibui. Bustani yenye maua mengi inayopuliziwa dawa kila wiki haimwezeshi kulea. Mfano mwingine ni mndimu. Juu ya majani yake hutokea viwavi wadogo wenye rangi ya kinyesi cha ndege, na mwenye mti hukimbilia dawa. Wakiachwa, huwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, na mndimu uliokomaa hutoa majani mengine. Kuhusu mbuyu sihitaji kusema mengi: maua yake hufunguka jioni, na popo walao matunda ndio huyachavusha. Anayefukuza popo asishangae mabuyu yakipungua.

Nafasi yenyewe haitoshi ikiwa haina njia. Watu wa Diani, kusini mwa Mombasa, wanalijua hili vizuri. Mbega wa pale huishi juu ya miti na hapendi kushuka, lakini barabara na hoteli zimeukata msitu vipande. Wakawa wanagongwa na magari na kuungua kwenye nyaya za umeme. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika madaraja ya ngazi juu ya barabara, na hupogoa matawi yaliyo karibu na nyaya. Kima na tumbili nao huyatumia madaraja hayo. Ni vifaa vya kawaida na fundi anayejua kufunga. Hakuna cha kuzishinda halmashauri zetu.

Najua mtaniuliza kuhusu nyoka. Ni hofu ya haki. Fyekeni majani yaliyo karibu na mlango, msirundike mbao wala matofali ukutani, na kichaka kikae kona ya mbali. Beseni la maji ya ndege limwagwe na kusuguliwa kila siku mbili, mayai ya mbu yasipate muda wa kuwa mbu. Tumeugua dengi vya kutosha. Na bundi wa darini, ambaye bado tunampiga mawe kwa kumwona mkosi, anakula panya usiku kucha bila kumdai mtu senti.

Ombi langu kwa maofisa wa mipango miji ni mahususi. Kibali cha ujenzi kitaje sehemu ya uwanja isiyotandazwa kitu, na mti mkubwa wa asili usikatwe kabla ya kukaguliwa. Vitalu vya manispaa navyo vioteshe mikwaju, mikuyu na mifuu, ili mwananchi akienda kununua mche aikute pale. Mkuyu upewe eneo la wazi, mbali na misingi ya nyumba. Miche hiyo iwe tayari kabla ya masika, maana ndio wakati watu wanapopanda.