Jina Halizami



 Walimu, wazazi nanyi wahitimu, mmealika fundi wa reli mstaafu, basi mnivumilie: hotuba yangu itapita darajani.

Kule Jinja, Uganda, lipo daraja la chuma lililoanza kuvusha treni juu ya Mto Nile mwaka 1931, mwaka ambao reli ya kutoka Mombasa ilifika Kampala. Karibu nalo palikuwa na Maporomoko ya Ripon, maji ya Ziwa Viktoria yakimwagika juu ya miamba na kuanza safari ya kwenda Misri. Mwingereza Speke alifika pale 1862, akayapa jina la bwana mkubwa wa kwao. Wenyeji walikuwa na lao: jinja, yaani mawe.

Mwaka 1954 likazinduliwa Bwawa la Owen Falls. Umeme ukapatikana, maji yakapanda, maporomoko yakazama. Nilipofika pale nilitega sikio nisikie ngurumo. Kimya. Maji yanateleza kama mafuta. Daraja lipo, jirani yake hayupo. Ripon amebaki vitabuni, lakini yale mawe makondakta wanayaita kila siku stendi: Jinja, Jinja!

Na sisi tunalo jina letu. Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1910 ililikuta. Wazee wa Kigogo husimulia kuwa tembo alikuja kunywa maji, akadidimia matopeni. Ndipo pakaitwa Dodoma. Tembo alizama, jina halikuzama.

Wanangu, Msalato yetu hapa Dodoma inabadilika mkiitazama. Tumeletewa uwanja wa ndege wa kimataifa, na nyumba zinafuata. Mimi sipingi ujenzi. Ndio uliosomesha watoto wangu. Ninachowaomba ni hiki: kaeni na bibi na babu, muwaulize kila kilima, kila korongo na kila mbuyu unaitwaje, na kwa nini. Andikeni kabla greda halijapita. Na atakayekuwa mhandisi, alifungue daftari hilo kabla ya kufungua ramani.

Zawadi yangu ni ndogo: madaftari, moja kwa kila mhitimu. Ukurasa wa kwanza nimewaandikia neno moja tu, Msalato. Maana yake mkaiulize nyumbani.