Mlango Umekuwa Mzito

Leo nasema nanyi wenye milango ya kioo ya kusukuma kando. Mlango huo hutembea juu ya vigurudumu vidogo vilivyofichwa chini yake. Nyanya akishindwa kuufungua, msikimbilie kununua mpya.

Mara nyingi kisa ni vumbi letu la kiangazi, limejaa relini. Lifagieni kwa brashi kavu, kisha pangusieni kitambaa chenye unyevu. Msitie mafuta ya kupikia wala grisi! Hunasa vumbi, na mlango huwa mzito kuliko kwanza.

Reli ikiwa safi na bado mlango wakwaruza, tazameni chini ubavuni mwake: aghalabu kuna kitundu chenye skrubu. Igeuzeni kwa bisibisi nusu mzunguko tu. Mlango ukishuka, geuzeni upande wa pili, hata uinuke na kukaa sawa na fremu. Ubavu mwingine vivyo hivyo.

Kigurudumu kilicholika hakirekebishwi, hubadilishwa. Hapo sharti muwe watu wawili, na watoto wakae mbali, maana kioo cha unene wa milimita 6, upana mita 1 na urefu mita 2, kina kilo 30, bila fremu.