Rukhsa ya Kufuga Kobe na Nyoka wa Kigeni: Rai Kutoka Koyama



Suala mliloniamuru nilizungumzie, nalo ni iwapo yafaa kuhalalisha ufugaji wa kobe, kenge na nyoka wa nchi za mbali na kuutolea rukhsa, laweza kudhaniwa kuwa ni anasa ya watu wa Ulaya isiyotuhusu sisi watu wa Koyama, katika visiwa vya Wabajuni nchini Somalia, ambao wazee wetu walimvua kasa kwa taza, samaki yule agandaye kwa kichwa, wakimfunga uzi mkiani na kumwachilia mpaka ajibandike gambani, kisha wakauvuta uzi taratibu. Walakini magamba ya ng'amba yaliyotoka visiwani humu yakaishia kuwa vitana katika nyumba za ng'ambo yatosha kutuonyesha jinsi haja ya mtu aliye mbali inavyoweza kupunguza kilichomo baharini mwetu.

Tazameni Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Mwaka 1919 walipelekwa huko kobe wakubwa wanne kutoka Ushelisheli, wakazaana hata mwaka 1955 wakawa takriban 200. Kisha wakaibwa, wengine kwa nyama na wengine kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo, na ilipofika 1996 walikuwa wamebaki 7 tu. Ukuta madhubuti ulijengwa baada ya hasara hiyo, ilhali kisiwa ni kidogo na serikali ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya mlango wa bahari.

Msiba wa kobe bapa wa miambani, wa Kenya na Tanzania bara, wanisikitisha zaidi. Aghalabu hutaga yai moja kwa mara moja, na gamba lake ni laini, naye akihisi hatari hujibana katika ufa wa mwamba. Basi wakusanyaji huvunja mwamba kwa mtaimbo ili wamtoe, na ufa uliovunjwa haurudi, hata kobe mwingine hana tena makazi. Kenya ilipozuia usafirishaji wake mwaka 1981, biashara ilihamia Tanzania, na hatimaye mwaka 2019 mapatano ya kimataifa ya CITES yalimweka katika daraja lake la juu kabisa la hifadhi.

Wapo wasemao, na hoja yao si dhaifu, kwamba katazo huipeleka tijara gizani, na kwamba mwenye rukhsa aweza kukaguliwa. Uingereza, ambako baadhi ya ndugu zetu Wabajuni wamekimbilia tangu vita vya 1991, sheria ya mwaka 1976 humlazimu afugaye nyoka wa sumu au mamba kupata rukhsa ya baraza la mji, na daktari wa wanyama hukagua mahali penyewe. Naikubali hoja hiyo kwa dhati pale palipo na baraza na daktari. Lakini Somalia yetu iliingia CITES mwaka 1986, na miaka mitano baadaye dola ikavunjika. Huku visiwani rukhsa ingekuwa karatasi ya kumsitiri mwenye kuokota wanyama porini, akidai kuwa wamezaliwa bandani mwake.

Fauka ya hayo, chatu wa Burma waliotoroka au kutupwa na wafugaji wa Florida wamezaliana katika vinamasi vya Everglades, wakawala wanyama wa huko, hata jimbo likaimarisha katazo mwaka 2021. Kisiwa chetu hakiwezi kustahimili mgeni wa namna hiyo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba rukhsa itolewe kwa wanyama waliozaliwa kifungoni pekee, wenye alama isiyoondoleka, na katika miji yenye mkaguzi tu. Bandarini Kismayu mnyama wa namna hii asipakiwe wala asishushwe bila hati ya asili yake. Na kuanzia Koyama hata Chula asiteremshwe kabisa, na dhima ya kulisimamia hilo wapewe wazee na wavuvi wa kila kisiwa, kwani wao ndio waonao kila chombo kinachotia nanga.