Maana Nyingi za Neno Moja: Umoja, Ushirika, Chama na Muungano



Leo twataka kulichungua neno moja la Kiingereza ambalo liliingia nchini mwetu kwa milango mingi, na katika kila mlango likavikwa nguo nyingine ya Kiswahili. Neno lenyewe ni "union". Mwanafunzi akilitafuta katika kamusi ataona umoja. Akitazama mstari wa pili ataona muungano. Mzee aliyefanya kazi ya mkonge huko Korogwe atamwambia ni chama, na mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro atamwambia ni ushirika. Wote wamesema kweli. Lakini mtu asiyejua kupambanua maneno hayo aweza kutia kidole gumba katika karatasi ya ushirika, akidhani ni ahadi ya umoja tu, na hasara atakayoipata si hasara ya lugha.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, nalo latokana na neno lenye maana ya moja. Jambo la kuchekesha ni kwamba Warumi walilitumia pia kuitia lulu kubwa ya peke yake, na tena aina ya kitunguu, na ndiko Waingereza walikopata jina la kitunguu katika lugha yao. Basi kitunguu na umoja ni ndugu wa tumbo moja. Wapishi wetu hawatashangaa, kwa kuwa wajua kwamba kitunguu ni maganda mengi yaliyoshikana, na kwamba mwenye kuyatenga hutoka machozi.

Natuende Sindeni, katika wilaya ya Handeni, nchi ya Wazigua. Aijuaye nchi ile ajua kuwa mvua yake si ya kutegemewa. Mwaka mmoja mahindi yajaa ghalani, na mwaka wa pili watu wayatazama mawingu hata shingo zikawauma. Kwa hiyo lambo la maji ni mali kubwa huko. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba watu ishirini wa Sindeni wataka kuchimba lambo. Wataungana kwa njia gani?

Njia ya kale ni ujima. Mbiu yapigwa, watu waja na majembe, ugali wapikwa, kazi yafanyika, na jua likishuka kila mtu ashika njia yake. Jirani zetu wa Upare na Usambara huiita kazi ya namna hiyo msaragambo. Ujima hauna daftari wala mhazini. Deni lake limeandikwa katika kumbukumbu za watu na katika haya ya mtu. Asiyefika leo hashtakiwi, ila siku atakapotaka kuezeka nyumba yake ataona uwanja u mtupu. Kwa kuchimba lambo ujima watosha. Taabu yaanza baadaye, ukame ukija, wakati ng'ombe wa mtu ambaye hakushika jembe wanapofika ukingoni wana kiu. Je, wana haki ya kunywa? Ujima hauna jibu, kwa maana haukupata kuuliza lambo ni la nani.

Jibu hilo ndilo kazi ya ushirika. Neno hili twalipata kwa Waarabu, na maana yake ni kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Hapo ndipo zinapotajwa hisa, viingilio, stakabadhi na mkutano wa hesabu wa kila mwaka. Mwenye fungu ana haki, na asiye na fungu hana, ingawa ni jirani mwema. Watu wengine huliona neno hili kuwa kavu kwa sababu hiyo, lakini sisi twaona ukavu wake ndio faida yake: maskini mwenye hisa moja aweza kusimama mkutanoni na kuuliza fedha imekwenda wapi, wala haambiwi kuwa amekosa adabu. Yafaa pia tukumbuke kuwa neno hili lina ndugu zake katika dini. Msikitini, kumpa Mungu mshirika ndiyo shirki, dhambi kubwa kuliko zote, na kutokana na shina hilo twapata neno ushirikina. Katika makanisa mengi, Ushirika Mtakatifu ni mkate na divai. Shina moja lazaa matunda yenye ladha mbalimbali kabisa.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakapata chama chao kikubwa, ambacho herufi zake KNCU zimejulikana hata nje ya nchi. Herufi ile ya mwisho ndiyo "union" yetu. Hapa twaomba msikilizaji awe makini, kwa kuwa wengi wamekosea. Wanachama wa union ile hawakuwa watu, bali vyama vidogo vidogo vya vijijini. Mkulima alikuwa mwanachama wa chama cha kijiji chake, na chama cha kijiji ndicho kilichokuwa mwanachama wa chama kikuu. Kati ya mkulima na bei ya kahawa yake palikuwa na milango miwili, na mwenye malalamiko alipaswa kujua agonge upi kwanza. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kilichoundwa kwa sheria kwaweza kuvunjwa kwa sheria, jambo ambalo haliwezekani kwa ujima wa kijijini.

Njia ya tatu ni chama. Chama si lazima kiwe na mali. Chahitaji watu, kanuni na viongozi. Zamani za wazee wetu palikuwa na vyama vya beni, vyenye maofisa na vyeo vya kila namna, vikishindana kwa ngoma na kwa mavazi. Huko Tanga, mwaka 1922, makarani na waalimu wa serikali walianzisha chama chao, na aliyekiongoza alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Mwaka 1929 kikafuata chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoitwa African Association, nacho tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU. Herufi ya mwisho ya TANU nayo ni "union", lakini watu hawakusema umoja wa TANU wala muungano wa TANU. Walisema chama cha TANU, nao walikuwa sahihi, maana mtu aliingia kwa hiari yake, akapewa kadi, na aliweza kutoka.

Vivyo hivyo wafanyakazi. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Watu walikuja mashambani kutoka mbali, wengine kutoka Songea, wengine kutoka nchi ya Waha. Mtu wa Songea na mtu wa Kigoma hawakuwa na ukoo mmoja wala mila moja. Walichokuwa nacho pamoja ni mwajiri mmoja na kipande cha kazi cha siku thelathini. Undugu usingaliweza kuwafunga, wala ujima. Chama kiliweza. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilijikusanya katika shirikisho moja.

Sasa tumefika penye maneno mawili yanayochanganywa kuliko yote, yaani umoja na muungano.

Muungano hutokana na kuunga. (Si unga wa ugali, ingawa twajua kuna mwanafunzi anayetabasamu.) Mganga huunga mfupa uliovunjika, fundi huunga mbao, na sehemu za mwili zilipokutanishwa twaziita maungo. Katika kila jambo la kuunga kuna mahali pa kiungo, na jicho laweza kupaona. Yeyote aliyesimama stesheni ya Korogwe ameona muungano: mabehewa yamefungwa pamoja, yaenda njia moja, lakini kila behewa lina magurudumu yake, na fundi mwenye chombo chake aweza kulifungua. Umoja ni jambo jingine. Mfano wake ni kamba ya katani. Nyuzi zikiisha kusokotwa, hakuna awezaye kusema huu ni uzi wa jani lile na huu wa jani hili. Ukitaka kuzitenga lazima uiharibu kamba.

Tofauti hiyo ilipata kuwa jambo la kufa na kupona kwa nchi hii. Katika miaka ya 1920 palikuwa na shauri la kuziunga karibu zaidi Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa Kiingereza shauri lenyewe lilitajwa kwa neno lile lile tunalolichungua leo. Masetla wa Kenya walikuwa na nguvu katika serikali yao na walikuwa wameshika ardhi nyingi nzuri. Kwa hiyo Mwafrika wa Tanganyika alikuwa na haki ya kuuliza: Tukifungwa pamoja, tutakuwa behewa, au tutasokotwa? Mwaka 1931 Bunge la Uingereza liliweka kamati ya kuwasikiliza mashahidi London. Kutoka Tanganyika walikwenda Waafrika watatu: Mtemi Makwaia wa Usiha, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba yule yule wa Tanga. Hawakuukubali muungano ule. Kamati ilipotoa taarifa yake ilishauri usifanywe wakati ule. Kayamba aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari yake, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kikachapishwa mwaka 1932. Twapenda kukumbuka kwamba mtu wa mkoa wetu alisimama mbele ya wabunge na kulipima neno moja la lugha yao kabla ya kulikubali.

Hata hivyo siku ya kuungana ilikuja, kwa hiari na kwa namna nyingine. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na Mwalimu Julius Nyerere akachanganya udongo wa nchi zote mbili katika chombo kimoja. Udongo ukiisha kuchanganywa haupambanuki, nao ulikuwa mfano wa umoja. Lakini hati iliyotiwa saini tarehe 22 Aprili ilikuwa hati ya muungano: ilitaja mambo kumi na moja yatakayokuwa ya pamoja, ikaiachia Zanzibar serikali yake kwa mambo yaliyosalia. Baadaye orodha ile ilikua hata kufikia mambo ishirini na mawili, na ubishi mwingi uliosikika tangu hapo juu ya Muungano ni ubishi juu ya kiungo, kwamba kikazwe au kilegezwe. Kwa maoni yetu si ajabu, wala si dalili ya uadui, maana penye kiungo ndipo fundi anapotazama kila mara. Linganisheni na tarehe 5 Februari 1977, TANU na Afro-Shirazi zilipounganishwa. Hapo vyama viwili vilikoma, kikazaliwa kimoja, Chama Cha Mapinduzi. Hiyo ilikuwa kamba.

Majina, lakini, yaweza kudanganya. Nchi kubwa ya Warusi na majirani zao twaliizoea kwa jina la Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1991 jamhuri zake kumi na tano zilitengana kila moja na magurudumu yake. Waingereza na Waskoti waliungana mwaka 1707, Ireland ikaongezwa mwaka 1801, na sehemu yake kubwa ikafunguliwa mwaka 1922.

Twarudi Handeni kwa jambo moja ambalo hakuna neno katika maneno yetu ya leo linalolitosha. Katika karne ya 19, wakati wa njaa kubwa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa vyombo kwenda Usomali. Mapokeo yao yasema kwamba walidanganywa kwa ahadi ya kazi na chakula. Walikaa kando ya mto Juba vizazi kwa vizazi, na wengi wao hawakuiacha lugha ya Kizigua. Vita vya Usomali vilipowaka mwaka 1991 walikimbia, na baadhi yao wakaja Tanzania. Baadaye walipewa makao Chogo, katika wilaya hii hii ya Handeni, na wengi wakapata uraia. Walipofika walisema na wenyeji, na wenyeji wakawaelewa. Hawakuwa na chama kimoja na watu wa Handeni, wala hisa, wala hati ya muungano. Wazee husema undugu, na kwa sasa hatuna neno lililo bora kuliko hilo. Ila hata ndugu hao, siku watakapotaka kuchimba lambo pamoja na wenyeji wao, itawapasa kuandika ni nani mwenye haki ya kunywesha ng'ombe wake.

Muda wetu umekwisha. Katika mazungumzo yajayo tutaeleza jinsi ya kusoma daftari la hesabu za ushirika, ukurasa wa mapato na ukurasa wa matumizi. Mwenye daftari la zamani nyumbani naaliweke karibu. Kwa herini.