Baisikeli na Basi Likatapo Kona

Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari ya baisikeli na mabasi katika njia panda za mjini. Wengi wenu mkaao shamba huja mjini kwa baisikeli, mkileta maziwa, mkaa au kuku. Kwenu magari ni machache. Lakini mjini iko hatari moja ambayo mtu haitambui mpaka afundishwe. Mimi ni mwalimu, na juu ya hayo nusura iniue.

Siku moja nilitoka Ubungo kwenda Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam. Nilipofika Magomeni, mahali Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Kawawa, nilikuta basi limesimama likingoja taa. Kushoto kwake palikuwa na nafasi, nami nikajipenyeza mpaka ubavuni mwake. Taa ya kijani ilipowaka, mimi nilikwenda mbele. Basi likapinda kushoto, upande wa Kinondoni. Ubavu wake ukanijia kama ukuta unaoanguka. Niliiacha baisikeli nikarukia ukingoni, na gurudumu la nyuma la basi likaikunja kama waya. Dereva alishuka akitetemeka, akaapa ya kuwa hakuniona. Wakati ule sikumsadiki, leo namsadiki.

Sababu ni mbili. Kwanza, katika Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, na dereva huketi kulia. Kwa hiyo ubavu wa kushoto ndio ulio mbali naye. Kioo chake humwonyesha sehemu tu ya ubavu huo, na mtu aliye karibu sana, chini ya madirisha, huenda asionekane kabisa.

Pili, magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele. Enyi wanafunzi, jaribuni kesho: lowesheni mchanga, piteni juu yake kwa baisikeli mkikata kona, kisha mtazame. Mtaona gurudumu la nyuma limepita ndani zaidi kuliko la mbele. Kwa baisikeli tofauti hiyo ni ndogo. Kwa basi refu, katika kona kali, huzidi mita 1. Tena dereva ajuaye hayo mara nyingine hulivuta basi lake kulia kwanza, apate nafasi ya kuzunguka. Hapo kushoto huachwa uwazi mpana, nao humwita mpanda baisikeli kama chambo kimwitavyo samaki.

Shikeni basi maneno haya. Usilipite basi upande wa kushoto karibu na njia panda, hata likiwa limesimama. Ngoja nyuma yake, mahali unapoweza kuuona uso wa dereva katika kioo chake. Usipouona, na yeye hakuoni. Basi likikupita kisha likapunguza mwendo karibu na kona, punguza nawe. Usitegemee taa ya kuonyesha upande peke yake, maana huharibika, au dereva huisahau. Tazama gurudumu la mbele linaelekea wapi. Na ukijikuta umebanwa, iache baisikeli na mzigo wake, ujiokoe. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambao magari yao hupita kulia, wageuze tu maneno yangu: hatari yao iko upande wa kulia.

Nanyi madereva, kabla ya kupinda tazameni kioo mara ya pili, na utingo wenu achungulie mlangoni.

Tahadhari kabla ya hatari. Kungoja nyuma ya basi kungalinichukua dakika moja, nami ningalifika Kariakoo kwa baisikeli yangu. Niliibeba begani mpaka nyumbani, na watoto wangu walipoiona hawakuuliza habari za baisikeli. Walinitazama miguu na mikono kama yote ipo.