Kitabu cha Rosa na Sisi Wazazi

(Mada iliyotolewa katika semina ya wazazi na walezi, Didia)



Tulipoanza kusoma Rosa Mistika na kikundi cha wasichana wa sekondari, baadhi yenu mlikuja kutuuliza kama tumeamua kuwaharibu watoto. Tunawashukuru mliokuja. Wengine walisemea pembeni.

Mwandishi ni marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe, aliyepitia seminari. Jina la kitabu ni sifa ya Mama Maria tunayoitaja katika Litania. Kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa sababu kinataja mambo ya mwili waziwazi. Baadaye kiliruhusiwa.

Ni kweli zipo kurasa nzito, ndiyo maana hatuwapi watoto wa shule ya msingi. Lakini anayetutisha sisi humo ni Zakaria, baba yake Rosa. Ni mlevi na mkali. Rosa anaandikiwa barua na mvulana, anapigwa vibaya. Haelezwi jambo lolote. Anatoka nyumbani bila kujua namna ya kuongea na mwanamume, na wanaume wanamkuta hivyohivyo. Mwisho anajiua. Akina Zakaria tunao hapa Didia, tena wengine hata pombe hawaonji.

Mwaka huohuo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Yaani binti aliweza kutolewa ng'ombe, ila kusoma habari za Rosa darasani ilikuwa mwiko.

Binti mmoja wa kikundi chetu alikificha kitabu ndani ya begi, akaenda nacho nyumbani bila kutuambia. Alimsomea mama yake jikoni, jioni baba akiwa mnadani. Angekamatwa, fimbo zingemhusu, na sisi tungefukuzwa kijijini. Wiki iliyofuata mama alikuja mwenyewe. Tulijiandaa kuomba radhi. Akauliza tu: "Yule baba, baadaye alijuta?"

Nakala tulizo nazo ni 4. Safari hii tunaomba akina baba waazime kwanza.