Nukta Mbili Mahali Pamoja: Kuchora Mipaka kwa Kompyuta

(Mazungumzo kwa wanavikundi, Milimani, Nakuru)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kuchora ramani za vikundi kwa kompyuta. Mambo ni mengi, lakini leo tutachukua moja tu. Ni dogo kama ncha ya sindano, ila linaweza kuwagombanisha majirani. Ni jambo la nukta mbili zilizokaa mahali pamoja.

Sisi watu wa sehemu hizi tunajua uzito wa mpaka. Mashamba mengi makubwa ya walowezi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika baada ya uhuru wa 1963, kisha yakagawanywa kwa wenye hisa. Kwa hiyo jirani amepakana na jirani kila upande. Kikundi kinapotaka kupitisha bomba la maji, kwanza kinachora mchoro: shamba la nani liko wapi, na bomba litapita kwa nani. Siku hizi vijana wetu wanauchora kwa kompyuta, wengi kwa programu ya Inkscape, ambayo hailipiwi.

Programu ya namna hii haichori kama picha ya kamera. Inakumbuka nukta za pembeni tu, na mistari inayoziunganisha. Ndiyo maana mchoro mmoja unaweza kuwa wa daftari au wa ubao mkubwa wa barabarani bila kufifia. Ukitaka kurekebisha shamba, unavuta nukta, na mstari unafuata.

Sasa tuchukue mashamba mawili yenye pembe nne kila moja, la jirani wa juu na la jirani wa chini. Yanapopakana, kona ya mpaka ni moja. Kule shambani kuna jiwe moja au bikoni moja. Lakini ndani ya kompyuta kuna nukta mbili: moja ya shamba la juu, na nyingine ya shamba la chini, zimelaliana. Macho yanaona moja. Kijana akibonyeza na kuvuta, anachukua moja tu, na ile nyingine inabaki pale pale.

Mtu atasema, “Ni kitu kidogo hicho.” Haya, tupige hesabu. Tuseme mchoro ni wa kipimo cha 1:2500. Milimita 1 kwenye karatasi ni mita 2.5 shambani. Nukta ikisogea milimita 2, hizo ni mita 5. Kama mpaka una urefu wa mita 100, pembetatu inayotokea ni mita za mraba 250. Ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, ina kama mita za mraba 465. Kumbe kwa kuvuta kidogo tu, zaidi ya nusu ya ploti imepata wenyewe wawili, au imekosa mwenyewe kabisa! Na mchoro ukishatundikwa ukutani, nani atawaambia watu ati ni kosa la kompyuta?

Dawa yake ni hii.

Kwanza, chagua mashamba yote mawili. Tumia kifaa cha mshale: bonyeza shamba la kwanza, shikilia kitufe cha Shift, bonyeza la pili.

Pili, bonyeza F2 upate kifaa cha nukta. Sasa nukta za mashamba yote mawili zitaonekana.

Tatu, usibonyeze ile kona. Anza mahali wazi kando yake, si juu ya mstari, uburute kipanya mpaka uizungushie kijisanduku. Vyote vilivyo ndani ya kijisanduku vitachaguliwa, cha juu na cha chini.

Nne, na hili ndilo kubwa, tazama chini kabisa ya dirisha la programu. Pale pameandikwa nukta ngapi zimechaguliwa. Kwa mashamba yetu mawili itasema 2 kati ya 8. Ikisema 1, simama, usivute. Ikisema 2, vuta, na majirani wote wawili watasogea pamoja.

Na kama unataka moja tu? Basi chagua shamba hilo peke yake kabla ya F2. Nukta za jirani hazitaonekana, wala hazitaguswa. Ukikosea, Ctrl na Z zitarudisha mambo yalivyokuwa.

Kuna namna nyingine ya nukta kulaliana: zikiwa mbili za shamba lile lile. Mchoraji amefika mwisho wa kuzunguka, lakini hakufunga mstari. Rangi inajaa vizuri, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Ukihesabu, shamba la pembe nne lina nukta 5. Zizungushie kijisanduku hizo mbili za mwisho, kisha bonyeza Shift na J, ziwe moja. Kwa hiyo zoeeni kuhesabu. Macho yanadanganywa, hesabu haidanganywi.

Si kila programu iko hivi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walichora mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Katika ramani ile nukta moja inaweza kuwa ya mistari miwili au zaidi. Ukiivuta, yote inafuata. Kabla kikundi hakijaanza kazi, ulizeni: katika programu yetu, kona ya mpaka ni nukta moja, au ni mbili zilizolaliana?

Mwisho, tusidanganyane. Mchoro wa kikundi si hati ya shamba. Hata ramani ya serikali, kwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, inaonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo imeandikwa katika rejista kwamba mpaka umepimwa na kuthibitishwa. Na ugomvi wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama kuusikiliza. Kazi ya mchoro wetu ni kupanga kazi. Lakini mchoro mbaya unaweza kuwasha moto ambao haukuwako.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Nani anachora katika kikundi chetu, na nani mwingine anakagua kabla ya kuchapisha?
2. Je, majirani wote wawili wa kila mpaka wameitwa kuutazama mchoro?
3. Hesabuni nukta za shamba moja katika mchoro wenu. Je, zinalingana na kona mnazozijua kwa miguu?